Tumbo Lenye Bonde

Mimi ni fundi wa friji, na friji haijawahi kunidanganya. Watu ndio hunidanganya. Mteja atakuapia kwamba friji imejifia tu yenyewe, ukiifungua unakuta tundu la kisu kwenye bomba la gesi, mtu alikuwa anang'oa barafu kwa pupa. Kwa hiyo nilipopigiwa simu na mwanamke aliyesema friji yake inatoa joto, na kwamba inatakiwa itoe joto, nilimwomba arudie polepole. Alirudia. Nikaacha chakula mezani, nikachukua mkoba wa vifaa. Mama yangu husema nilizaliwa na pua mbili, moja ya kupumulia na nyingine ya kuchungulia mambo ya watu, nami sijawahi kumbishia.

Palikuwa ni uwanja mpana wenye ukuta, mwisho wa barabara ya magereji. Mlinzi alinifungulia geti akaniambia, "Karibu dada fundi. Angalia unapokanyaga. Hapa wenyeji hawakimbii."

Wenyeji walikuwa kobe. Walitapakaa kila mahali, wa rangi ya udongo uliochomwa, wengine wakitafuna majani, mmoja amesimama katikati ya njia kichwa chini.

"Huyu ana nini?" nikauliza.

"Kobe akiinama ujue anatunga sheria," mlinzi akasema. "Mzungukie tu. Hiyo sheria haitapita leo."

Mwenye simu alinipokea mlangoni. Alikuwa mwanamke wa kama miaka hamsini na nane, mwembamba, amevaa buti za mpira na penseli sikioni. Mtaa mzima unamwita Mama Kobe, naye alishajiita hivyo kwenye simu bila aibu yoyote. Ndani ya ofisi yake kulikuwa na meza, rundo la madaftari na friji kuukuu iliyokatwa dirisha la kioo mlangoni. Juu ya friji ilining'inia picha ya mzee anayecheka, ameshika kitoto cha kobe kiganjani.

"Baba yangu," akasema. "Ndiye aliyeanzisha kituo hiki, na friji hii aliitengeneza mwenyewe. Aliweka balbu palipokuwa friza, ikawa kabati la kutotolea mayai. Sasa mpira wa mlango umechoka, joto linavuja."

Kubadilisha mpira wa mlango ni kazi ya nusu saa. Lakini pembeni mwa picha kulikuwa na karatasi yenye ngazi saba, na pua yangu ya pili ikaamka. Ngazi ya juu iliandikwa *Salama kwa sasa*. Zilifuata *Karibu kuhatarika*, *Hatarini*, *Hatarini sana*, *Hatarini kabisa*, *Ametoweka porini*, na ya mwisho neno moja tu, *Ametoweka*. Kipini chekundu kilichomekwa ngazi ya tano.

"Hao ni hawa wa nje?"

"Ndio hao. Duniani kote hawapo kwingine. Watafiti wamezunguka porini misimu mitatu. Waliona gamba moja, tupu."

"Lakini Mama, hapo nje nimewaona wengi!"

"Arobaini na sita," akasema. "Majike watupu."

Nikamuuliza amejuaje. Alitoka, akamwinua yule mtunga sheria kwa mikono miwili, akaniambia nipitishe kiganja tumboni kwake. Tumbo lilikuwa bapa kama kitako cha sahani.

"Dume tumbo lake lina bonde," akasema.

"La nini?"

Alinitazama kama mwalimu anayepima kama mwanafunzi ameshafikia umri. "Fundi, una watoto?"

"Wawili."

"Basi fikiri. Mgongo wa jike ni mviringo. Dume asiye na bonde akipanda, atateleza."

Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia. Mama Kobe naye alicheka, kisha kicheko kikamkatika ghafla. Aliniambia kwamba kituo kizima kiliwahi kukuza dume mmoja tu, Chifu, wa kiota cha kwanza kabisa, ambaye ndugu zake watatu walikufa wangali wadogo. Chifu alikufa kwa homa ya mapafu miezi miwili iliyopita. Alichoacha ni mayai tisa, yaliyokuwa ndani ya ile friji siku ya thelathini na moja. Kobe hawa hukaa kwenye yai siku mia moja hivi.

"Yakitoka majike tena," akasema, "hawa wote nilionao watazeeka hapa, watakufa mmoja mmoja, na mimi ndiye nitakayeshusha kile kipini."

"Si Mungu anapanga, dume au jike?"

"Kwa kobe anapanga kwa joto. Yai likitagwa halijaamua bado. Linaamua katikati ya safari, kuanzia siku ya thelathini na nne hivi. Likilala kwenye nyuzi ishirini na tisa linakuwa dume. Thelathini na tatu, jike."

Miaka kumi na minane nashika joto na baridi kwa mikono hii, nikidhani kazi yao ni kugandisha samaki na kuharibu maziwa. Nilisimama pale na bisibisi yangu kama mtu aliyegundua kwamba jirani yake wa siku zote ni mfalme.

"Na wewe unayaweka kwenye ngapi?"

Alinifungulia daftari la juu. Ishirini na tisa asubuhi, ishirini na tisa jioni. La chini yake hivyo hivyo. Miaka ishirini na saba, mwandiko wa baba mpaka alipofariki, kisha wa binti, tarakimu zile zile.

"Na bado wakawa majike?"

"Wataalamu wanasema labda aina yetu ina desturi zake."

Neno hilo sikulipenda. Kitu kisipofanya kazi, mtu mvivu husema kina desturi zake.

Nilibadilisha mpira. Ningeaga na kuondoka, maana jambo lililoniita lilikuwa limekwisha. Ila nilikuwa nimekaa mbele ya friji ile dakika arobaini na sijaisikia ikisema chochote. Nyuma ya balbu niliona panga za feni, zimetulia, zina vumbi la miaka. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikazunguka nyuma. Waya wa feni ulikuwa umekatwa vizuri kwa koleo na kufungwa tepu nyeusi kwa uangalifu mkubwa. Panya hana tepu.

"Mama, nani alikata waya huu?"

"Baba. Ilikuwa inapiga kelele. Alisema watoto hawalali."

Aliyasema kwa upendo kiasi kwamba niliumeza utani uliokuwa ulimini. Nikatazama tena ndani. Balbu ilikuwa juu. Mayai yalikuwa rafu ya juu pia, kwenye trei ya mchanga, kila moja na alama ya penseli mgongoni ili lisigeuzwe. Alisema mzee aliyaweka juu kwa kuogopa sisimizi. Kipimajoto kilikuwa chini kabisa, kimeegemea kioo, pamoja na kidude kinachozima balbu joto likifika kiwango.

"Na hiki kwa nini kiko chini?"

"Baba alikuwa na mgongo mbovu. Hapo alikisoma akiwa amekaa kitini, bila kufungua mlango."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Huyu mzee aliweka kitu uvunguni ili asiiname. Nilitoa kipimajoto changu mkobani, nikakilaza kando ya mayai, nikafunga mlango. Tulisubiri robo saa. Nilipofungua, kilisema thelathini na tatu. Chake huko chini kilisema ishirini na tisa, maana joto hupanda na hapakuwa na feni ya kulisambaza.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipokimbia mbele ya akili. "Mama, umewapika majike miaka ishirini na saba!"

Alikunja uso. "Fundi, chukua vifaa vyako."

"Mama, nisikilize..."

"Baba yangu aliuza nyumba kwa ajili ya wanyama hawa. Hakuwa mjinga."

"Sijasema mjinga. Nimesema alizima feni."

"Hicho kidude chako ndicho kibovu. Unakitupa mkobani na nyundo, halafu unakuja kunihukumia baba!"

Aliposema hivyo sikukasirika, na watu wanaonijua hawataamini. Nilifurahi, kwa sababu lilikuwa swali linaloweza kujibiwa. Nilimwomba mlinzi barafu. Alileta chupa yake ya maji aliyoigandisha kwa ajili ya joto la mchana, akalalamika kidogo, tukaiponda, tukaichanganya na maji kwenye bakuli.

"Barafu inayoyeyuka ni sifuri," nikasema. "Haina baba wala mama. Tumbukiza vyote viwili mwenyewe."

Alivitumbukiza. Sisi watatu tukainamia lile bakuli, na kama kobe wangetuona wangesema tunatunga sheria. Kipimajoto chake kilishuka mpaka sifuri. Changu kilishuka mpaka sifuri.

"Havina ugomvi," mlinzi akasema.

"Chako hakijawahi kusema uongo, Mama. Kimesema kweli ya pale kilipowekwa. Hakuna aliyekiuliza habari za huko juu."

Alikwenda kwenye rundo la madaftari, akavuta la chini kabisa lenye jalada lililoliwa na mende, akakaa nalo kitini. Nilimwona kidole chake kikipita mstari kwa mstari, kikasimama. Akanisogezea. Mwandiko wa mzee ulisema: *Kiota cha kwanza kimetotoka, wanne, wazima. Leo nimekata feni. Kelele nyingi, kiota kijacho walale vizuri.*

Kiota cha kwanza ndicho kilichomtoa Chifu.

Mama Kobe alifunga daftari, akaliweka mapajani. Alilia bila sauti, machozi yakidondokea buti. Nilitaka ardhi inimeze. Friji ngapi nimezifungua nikamwonyesha mwenyewe kosa lake kwa furaha ya kushinda, na sikuwahi kukutana na kosa lililofanywa kwa mapenzi matupu. Nilikaa sakafuni karibu na kiti chake kwa sababu sikujua pengine pa kukaa.

"Kila siku aliwachungulia," akasema. "Alitembea kwa vidole vya miguu humu ndani."

"Najua, Mama. Ile tepu ameifunga vizuri sana."

Alijifuta kwa mkono wa shati na kuuliza, kwa sauti ya kazi, "Ukiunga feni sasa hivi, joto litashuka kwa ghafla?"

"Tutalishusha kwa siku tatu, kidogo kidogo. Leo thelathini na mbili. Siku ya thelathini na nne, ishirini na tisa, juu na chini."

Alitazama picha ya baba yake muda mrefu. Kisha akanipa koleo yeye mwenyewe.

Feni ile ilipoamka ilipiga kelele kweli, marehemu hakusingizia. Ilikwaruza, ikakohoa, ikatulia kwenye mvumo wa nyuki. Siku tatu nilirudi asubuhi na jioni, nikaacha friji za watu zikinuka. Tuliweka vipimajoto viwili, chini na juu, na Mama Kobe akachora safu mbili kwenye daftari.

Yalitotoka mayai sita. Ukubwa wa watoto ulikuwa wa kisoda kikubwa, na nilipouliza kwa pupa ni nini, alinicheka. Kobe mchanga haonyeshi kitu. Tumbo la kila mtoto ni bapa. Bonde, kama lipo, huja baada ya miaka. Wataalamu wana kamera nyembamba za kuingiza tumboni, lakini alikataa mtu yeyote kuwatoboa watoto sita wa mwisho. "Nimekosea kwa haraka ya kuridhika," akasema. "Safari hii nitasubiri."

Msimu uliofuata majike walitaga mayai machache, yote viza. Baada ya hapo hata hayo hawakutaga. Kila mwaka nilikwenda mara moja, nikasafisha feni, nikapitisha kiganja kwenye matumbo sita. Bapa. Bapa. Binti yangu wa kwanza aliolewa, wa pili akamaliza shule, mlinzi akastaafu akawa anakuja tu kunywa chai. Bapa.

Mwaka wa kumi na moja simu iliita asubuhi nikiwa nimelala chini ya friji ya bucha.

"Fundi, njoo," akasema. "Usilete vifaa."

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uwanjani, fimbo kando, kobe mmoja wa wale sita mapajani. Alikuwa amezeeka. Kisukari kilikuwa kimeuchosha mwili wake.

"Vidole vyangu vina ganzi siku hizi," akasema. "Jana viliniambia jambo. Siviamini. Nataka kipimo cha pili."

Nilipiga magoti. Mikono yangu ilinuka mafuta ya mashine, nikaipangusa kwenye sketi, nikapitisha kiganja chini ya gamba. Kilianza pembeni, kwenye ukingo, kikasogea katikati, na katikati hapakuwa bapa. Kiganja kiliingia. Kilikaa humo kama pamechongwa kwa kipimo chake.

Nikakipitisha tena, kuanzia ukingo wa pili.

"Fundi," akasema. "Usinikalie kimya. Wewe hujawahi."

"Bonde, Mama. Ni bonde."

Alifumba macho. "Mshike na yule mwenye alama ya bluu," akasema, "maana naye pia nilimshuku." Nikamshika. Naye alikuwa nalo.

Nililia mimi, mtu mzima mwenye mjukuu njiani, nikiwa nimemkumbatia kobe aliyekuwa anajaribu kunikojolea. Mama Kobe aliinuka kwa fimbo, akaenda kufungua mlango wa ofisi wazi kabisa. Ndani, kipini chekundu kilikuwa palepale ngazi ya tano. Friji ilikuwa tupu miaka yote hiyo, lakini hakuwahi kuizima. Mvumo wa feni ukatoka mpaka uwanjani.

"Baba angezichukia hizi kelele," akasema.

"Angezizoea, Mama."