Mpira Usio na Mwenyewe

Bi Kusum, Mhindi aliyefukuzwa Kampala mwaka wa sabini na mbili, alinialika kwake Southall, huku ughaibuni, Jumapili moja jioni kutazama mpira wa Kimarekani. Mimi mchezo ule siupendi hata kidogo. Nilifuata chai yake ya tangawizi. Kwenye televisheni theluji ilianguka taratibu, na yale majitu yenye helmeti yalielea ndani yake kama watu wa ndotoni.

Mpira ukadondoka. Mchezaji mmoja akaupiga teke makusudi, na refa akarusha kitambaa cha manjano. Mtangazaji akaeleza: mpira ukiwa chini bila mwenyewe, ni marufuku kuupiga teke, na timu ya aliyeupiga inarudishwa nyuma yadi kumi.

Bi Kusum akainuka, akagusa kioo cha televisheni kwa vidole, kisha akavipeleka kwenye paji la uso, vile Wahindi wafanyavyo kuomba radhi mguu ukigusa kitu cha heshima.

"Keshaadhibiwa huyo!" nikafoka. "Wamwombea radhi ya nini?"

"Simwombei yeye, Mwatima. Nautaka radhi mpira." Macho yake yalibaki kwenye theluji. "Sisi tulipigwa teke mpaka huku, na hajatokea wa kututaka radhi."