Damu ya Robow, Tumbo Langu

Kaka yangu Robow alinipa uboho wa mifupa yake mwaka 1985, na tangu hapo mtaa wetu wa Chechelesi mzima haukupata kupumua. Mwili wangu ulikuwa umeacha kutengeneza damu. Mjomba wetu wa Cardiff akatutafutia hospitali London, na uboho wa Robow ukanikubali. Mimi nilirudi na uhai, yeye akarudi na cheo. Aliwatangazia madereva wote wa malori waliosimama mtaani kwamba ndani yangu ni yeye. Nikibishana naye, aliniambia nisiichoshe damu yake.

Kabla ya kunipandikiza, madaktari walikuwa wameua kwa dawa vijidudu vyote vya tumboni mwangu, wakihofia vingeichokoza damu ngeni ianze kupigana na mwili. Wakaagiza kwamba mpaka tumbo lipate tena wenyeji wake, nile vilivyochemshwa tu. Maziwa yaliyochachuka yalikuwa marufuku mwaka mzima.

Ndipo Mama Umulkheir akaja kutoka upande wa Oldonyiro kumposea mwanawe Guleid, ambaye nilimtaka kuliko chai ya asubuhi. Alibeba kibuyu cha susa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka barabara. Kwao, msichana akikataa maziwa ya mkwe, amemkataa na mwana. Nikamweleza habari za daktari. Aliniangalia kama mtu aliyechoka na visingizio. Ama nihatarishe maisha, ama nimkose Guleid.

Robow alikuwa mlangoni akijichekea. Tangu utotoni, susa ikimgusa ulimi tu, tumbo humwendesha.

"Mama," nikasema, "hii damu iko ndani yangu ni ya Robow. Ameambia watu wote. Yeye akikunywa, ni mimi nimekunywa."

Robow akaanza kujitetea kwamba yale yalikuwa maneno ya mtaani tu. Mama Umulkheir akamuuliza kama aliyasema au hakuyasema. Aliyasema. Akapewa kibuyu, naye mama akakishika kitako mpaka kikaisha.

Muda si mrefu tukasikia mlango wa choo ukibamizwa.

"Khadijo, hiyo damu nimekubali," akasema Mama Umulkheir. "Lakini hiyo tumbo, alhamdulillahi hawakukupea."

Robow alitoka jioni, akishikilia ukuta. Nilimwonea huruma, maana nampenda. Nikamchemshia uji kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwambia apumzike, asiichoshe damu yangu.