Trekta Haiwi Chungu cha Maua

Niliporudi kutoka kwa binti yangu aliyejifungua, nilikuta trekta ya mume wangu imepakwa rangi nyekundu mpaka matairi. Sitanii. Matairi, kiti, usukani, mfuniko wa tangi, hata bolti nilizozikaza kwa mkono wangu, vyote vinang'aa kama vimepakwa rangi ya mdomo. Shemeji yangu alikuwa amesimama kando na brashi mkononi, meno yote nje.

"Karibu nyumbani, shemeji. Nimekurembeshea."

Nilitamani kumpaka na yeye.

Huyu shemeji, mdogo wake marehemu mume wangu, tunamwita Mkaguzi. Hajaajiriwa ukaguzi popote. Anakagua maisha ya watu tu. Tangu mume wangu afariki, miaka miwili sasa, anakuja kila Jumapili kunieleza ninavyopaswa kuishi. Nipumzike. Nikae kibarazani. Niache kujipaka grisi, mwanamke wa miaka sitini na mbili. Na zaidi ya yote, niitoe ile trekta uani, kwa sababu amempata mwenye hoteli anayetaka kuiweka getini kwake, aitoe injini, ajaze udongo, apande maua.

Maua! Trekta hiyo ndogo ya kukatia nyasi za bustani imeizidi ndoa yangu umri. Mume wangu aliikuta imetupwa nyuma ya shule alikokuwa mtunza bustani, akaisukuma mpaka nyumbani, akaifungua kipande kimoja kimoja na kuvipanga kwenye makopo ya maziwa. Mimi ni fundi cherehani. Mwanzoni aliniita nimshikie taa, baadaye nimshikie spana, mwisho akawa ananiuliza mimi. Alifariki injini ikiwa bado kwenye makopo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilikaa na yale makopo mwaka mzima, nikaifunga injini, na siku ilipowaka nilicheka peke yangu uani kama mwendawazimu.

Kikao cha familia kilikuwa kimeshakata shauri. Kama trekta inafanya kazi, ni ya mjane, na hakuna atakayeigusa. Kama ni chuma chakavu, Mkaguzi ampe mwenye hoteli. Kipimo kingekuwa Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya watu: nikate nyasi za uwanja wote wa nyuma bila injini kuzima. Nilikubali haraka mno, kwa sababu kabla ya safari nilishaukata uwanja huo mara mbili huku naimba.

Alhamisi nikaijaribu. Ikaunguruma vizuri, nikapiga raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikaanza kukohoa, ikazima. Nikafungua tangi, mafuta yapo. Nikafunga, nikavuta kamba ya kuwashia, ikawaka palepale kama vile haijafanya kosa lolote. Dakika kumi baadaye ikazima tena.

Nikasafisha kabureta. Nikabadilisha plagi. Nikatoa chujio la mafuta nikalipuliza mpaka mashavu yakaniuma. Ijumaa mambo yakawa yaleyale. Mkaguzi alikuja kuangalia, akaegemea ukuta huku anachokonoa meno.

"Shemeji, mashine ni kama mtu," akasema. "Siku zake zikifika zimefika. Hata kaka mwenyewe asingeiweza hii."

"Kaka yako angekuwepo, usingeingia uani kwangu na brashi."

"Sasa hasira za nini? Mwenye hoteli anakuja kesho na pikapu. Udongo keshapakia."

Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikalia. Sioni haya kusema. Nililia kwa hasira, na nilipomaliza nikaenda kukaa kwenye cherehani, maana hapo ndipo akili yangu hutulia. Wanafunzi wangu wa ushonaji huwa nawaambia kitu kimoja tangu siku ya kwanza: cherehani ikianza vituko, usiulize ina nini, uliza nani kaigusa mwisho.

Nikasimama. Nani kaigusa mwisho? Jibu lilikuwa bado linanuka rangi pale uani.

Nilichukua kisu butu na kitambaa chenye petroli, nikakwangua kila mahali rangi isipotakiwa: kwenye nyaya, kwenye bolti za injini, kwenye matundu ya kupozea. Nilikwangua mpaka vidole vikawa vyekundu, na nilipolala nilikuwa na uhakika nimeyamaliza madhambi yote ya Mkaguzi.

Jumamosi walijaa. Ndugu wa mume wangu kwenye viti, majirani ukutani, mwenye hoteli amesimama karibu na pikapu yake yenye udongo. Mkaguzi alivaa koti. Nikapanda, nikavuta kamba, ikawaka. Raundi ya kwanza watu walinyoosha shingo. Ya pili jirani mmoja akapiga vigelegele. Ya tatu nikaanza kuimba.

Ya nne ikakohoa.

"Haya, jamani," Mkaguzi akasema kwa sauti, "njooni tuipakie."

Injini ilikuwa inakata roho chini ya mikono yangu, nami sina kabureta nyingine ya kusafisha wala plagi ya kubadilisha. Ndipo nikakumbuka. Kila ilipozima, nilifungua tangi kuangalia mafuta, nikafunga, ikawaka. Kumbe kilichoiwasha si kuangalia. Ni kufungua!

Tangi liko mbele ya magoti yangu. Nikanyoosha mkono nikauzungusha mfuniko, nikautoa. Tangi likavuta hewa, fyuuu, na injini ikainua sauti tena. Kopo la maziwa ukilitoboa tundu moja, maziwa yanagoma kutoka. Lazima utoboe la pili, hewa iingie. Mfuniko wa tangi una tundu lake la hewa, dogo kama la sindano, na Mkaguzi alikuwa ameliziba kwa rangi.

Na sindano je, nitaikosa mimi? Miaka arobaini inakaa kwenye ukosi wa gauni langu. Nikaubana usukani kwa magoti, nikaichomoa, nikatoboa rangi kwenye mfuniko, nikauangalia juani mpaka nikaona nukta ya mwanga. Nikaufunga, nikashika usukani. Mstari wangu wa nyasi ulipinda kidogo pale. Mpaka leo sijutii.

Nikapiga ya tano, ya saba, ya kumi. Haikukohoa tena. Wakati nazunguka nilijisikia mwepesi kuliko siku yoyote tangu mazishi, nikaelewa kwa nini nilimchukia sana yule mtu na brashi yake. Miaka miwili walikuwa wananirembesha wanikalishe kibarazani. Nilikuwa sijafa mimi.

Nyasi za mwisho zilipolala, sikuzima injini. Mwenye hoteli alikuja akaishika trekta begani, kama anavyoshikwa ng'ombe mzuri. "Mama, hii si ya kupandia maua," akasema, akarudi kwenye pikapu yake akaondoka na udongo wake.

Mkaguzi alibaki katikati ya njia. Koti lilikuwa limemchosha.

"Basi, shemeji, umeshinda," akasema. "Mimi nilitaka tu upumzike. Zima sasa, uingie ndani upumzike."

Nilimpenda kidogo pale, kwa sababu alikuwa na macho ya kaka yake, na kwa sababu nadhani alikuwa anasema kweli. Lakini sikuzima. Nikatoa msasa mfukoni, ule niliouweka kwa ajili ya kazi ya mchana, nikampa.

"Anza na matairi," nikamwambia. "Na utoke njiani. Bado nyasi za mbele ya nyumba."