Rangi Chini ya Boliti

Pampu ya petroli ya gari la Denzil ina mlio wake. Ukifungua swichi inagonga tiki-tiki-tiki huko nyuma ndani ya buti, kisha inatulia, na hapo ndipo unapiga stata. Ikinyamaza ukiwa barabarani, gari limekufa.

Jumatano ile lilikufa juu ya daraja la Ludford, malori nyuma yetu yakipiga honi. Gari lenyewe ni la viti viwili na paa la turubai, na paa tulikuwa tumelifunua, kwa hiyo mji mzima wa Ludlow uliniona. Nilishuka, nikachomoa nyundo ya mbao chini ya kiti, nikalipiga buti. Tiki-tiki-tiki.

"Shemeji, polepole! Unalipiga kama limekutukana," alisema Alwyn, aliyekuwa ameketi pembeni yangu.

"Nalipiga nilivyofundishwa na mwenyewe. Wewe kaa hapo ulinde kofia yako."

Alwyn ni rafiki wa Denzil wa tangu zamani, fundi mstaafu wa simu. Denzil ni mume wangu. Alifariki Februari.

Tangu hapo nilikuwa nimekufa ganzi. Sikulia mazishini, sikulia nilipogawa suti zake. Majirani waliniletea keki, nikasema asante, nikawalisha ndege. Binti yetu Imogen alinipigia simu kwamba amempata fundi wa rangi, atakuja Jumatatu apake milango yote upya ili nyumba ichangamke. Nikasema sawa. Angeniambia anaibomoa nyumba ningesema sawa vilevile.

Milango hiyo tuligombania sana. Denzil alikuwa na mikono mizuri ya rangi lakini hana subira hata chembe. Akishapaka, lazima abonyeze kwa dole gumba aone kama imekauka. Haijakauka, bila shaka! Kila mlango nyumbani kwetu una alama ya dole lake. "Wewe mwanamume, macho umepewa ya nini?" nilikuwa nikimuuliza. "Macho hayajui kama kitu kimekauka, Ros," alikuwa akinijibu, huku anajifuta kidole kwenye suruali.

Kitu kimoja tu nilikuwa nakitaka, nacho ni msafara wa Jumapili. Klabu yetu ya magari ya zamani ina desturi: mwanachama akifariki, gari lake ndilo linaloongoza msafara wa kwanza wa kiangazi, paa limefunuliwa hata mvua inyeshe. Likizimika, linafungwa kamba na kuvutwa mpaka mwisho wa safari. Denzil hakuwahi kuvutwa. Aliwacheka waliovutwa, miaka nenda miaka rudi, na wenyewe wote wangekuwepo. Sikuwa na huzuni wala furaha, ila kamba hiyo niliiogopa.

Basi tukalirudisha gari gerejini. Alwyn akavua koti.

"Pampu ni mpya, nimeifunga mwenyewe," alisema. "Fyuzi nzima, betri nzima, swichi nimebadilisha. Nikilipima hapa linanguruma kama mtoto aliyeshiba. Likifika darajani linakufa. Labda lina mzimu."

"Denzil angekuwa mzimu angeziba kwanza lile paa linalovuja."

"Kweli. Haya, kalia bampa ya nyuma, urukeruke."

"Mimi? Na umri huu?"

"Nani mwingine? Ruka, shemeji, acha maringo."

Nikaketi nikaruka. Alifungua swichi, pampu ikagonga, kisha katikati ya kuruka kwangu ikakata. Kimya. Alwyn akachukua waya mrefu, akagusisha ncha moja kwenye betri na nyingine kwenye ganda la pampu. Tiki-tiki-tiki. Akaondoa, kimya. Akagusisha tena, ikagonga.

"Kumbe!" akasema. "Umeme unakwenda vizuri. Haurudi."

Nilikuwa nikiangalia mikono yake.

Pampu ina waya mfupi mweusi uliofungwa kwa boliti kwenye bodi ya gari, ili umeme upite kwenye chuma urudi kwenye betri. Alwyn aliingiza kichwa ndani ya buti, akaifungua kwa spana boliti hiyo, ambayo hakuigusa alipofunga pampu mpya, akamulika tochi. Akaanza kucheka.

"Jamani, huyu mtu! Kapaka rangi mpaka chini ya boliti! Umeme utapitaje kwenye rangi? Ulikuwa unajipenyeza pembeni tu, gari likitikisika, basi. Na wewe ukija na nyundo unautikisa mpaka ukae."

Nilijua mara moja. Majaji wa klabu yetu huingia na tochi mpaka ndani ya buti, na chuma kikionekana kitupu wanakata alama. Denzil alishawahi kusifiwa kwa rangi yake, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Vuli iliyopita, tayari anaumwa, alijilaza ndani ya buti na brashi ndogo akapaka hata mahali ambapo jaji angehitaji spana kupaona. Nilimpelekea supu, nikamfokea, ikapoa. Oktoba alishinda kikombe. Ni hapohapo gari lilipoanza kuzimika, nasi tukailaumu pampu.

Alwyn alikuwa ameacha kucheka.

"Shemeji," alisema, "hebu njoo uone."

Niliinama. Kwenye ile rangi ya kijani, tundu la boliti likiwa katikati, palikuwa na alama ya dole gumba. Mistari yote ilionekana.

"Naweza kutoboa tundu jingine hapa pembeni," Alwyn alisema taratibu. "Waya tunaufunga huko. Hii inabaki."

Lakini bodi ya gari hilo haikuwahi kutobolewa na mtu yeyote tangu litoke kiwandani. Denzil alijivunia jambo hilo kuliko kikombe. Angekufa mara ya pili.

"Lete msasa," nikasema.

"Nifanye mimi?"

"Lete hapa, Alwyn."

Nilisugua. Rangi yake ilikuwa ngumu, alikuwa ameipaka mara nyingi. Unga wa kijani ulinijaa vidoleni, mistari ikaanza kufutika upande mmoja, na hasira ikanipanda ghafla.

"Mjinga wewe!" nilipiga kelele ndani ya buti. "Mjinga mkubwa, Denzil! Ulishindwa kungoja ikauke?"

Nililia nikisugua. Nililia vibaya, kwa kamasi na sauti, mpaka chuma kikang'aa. Alwyn alikwenda mbele kukaza fyuzi ambazo zilikuwa zimekazwa. Aliporudi alifunga waya, akafungua swichi, nami nikapanda juu ya bampa nikaruka kwa nguvu zangu zote. Haikukata.

Jumapili mvua ilinyesha, kama ilivyotarajiwa. Niliongoza msafara kupita darajani, nimelowa mpaka mifupa, na nyundo nilikuwa nimeiacha nyumbani. Hatukuvutwa.

Niliporudi, nilisimama kwenye mlango wa jikoni, maji yakinichuruzika, nikampigia Imogen.

"Mwambie yule fundi wa kesho asije."

"Mama! Si ulikubali?"

"Nilikubali. Sasa sikubali."

"Lakini milango yenyewe imejaa madoa."

"Najua," nilisema. Nilikuwa nimeweka dole gumba langu ndani ya alama ya dole lake pale mlangoni, na langu lilikuwa dogo, nafasi ilibaki pande zote. "Moja nimelifuta mwenyewe, Imogen. Mengine hayaguswi."