Barafu Jike Chumbani kwa Kulsum

Haya niliyapata kwa Kulsum mwenyewe, mwaka juzi, tukivunja kokwa za aprikoti juu ya paa lake.

Barafu kuukuu ya mlimani juu ya kijiji ilikuwa imekonda, maji yakawa yanafika shayiri imeshasinyaa. Wazee wakaamua kuozesha barafu nyingine ili zizae mpya, kama walivyofanya babu zao: dume kutoka bonde hili, jike kutoka bonde lile, zibebwe mgongoni, mbebaji asiseme neno wala asitue mzigo, kisha zilazwe pamoja pangoni chini ya makapi na mkaa. Jike alibebwa na Mehdi, shemeji yake Kulsum. Siku ile, katikati ya majira ya baridi, ilinyesha mvua badala ya theluji.

Shayiri ilipochipua, jike akashuka kwa miguu. Akabisha kwa Kulsum alasiri, akakaa mbali na jiko. Kulsum akamtilia chai ya chumvi, ikaganda kikombeni.

"Mumeo je?"

"Ameisha. Nalala na kokoto."

Kulsum akamhamisha ng'ombe kutoka chumba cha chini, akamtandikia mgeni makapi.

Wazee wakaja. Haji Rozi, mkubwa wao, akamgeukia Mehdi. "Ulitua mzigo wewe. Ulikwenda kukojoa."

"Nilijikojolea humohumo, Haji. Muulize binti yako, si ndiye mke wangu? Ndiye aliyefua suruali."

"Hakunitua," jike akasema kutoka chini. "Joto tu."

Haji Rozi akamaliza chai yake. "Bibi harusi gani atamsema vibaya mshenga wake?"

Mehdi akatozwa mbuzi. Kulsum hakubisha, alijua wanachokitaka. Kosa likiwa la Mehdi, mwakani atabeba mwingine, na maji yatakuja.

Kila asubuhi jike alitoa ndoo ya maji. Kulsum akamwagilia mistari ya karibu na mlango. Shamba lililobaki likawa njano kabla ya kutoa masuke.

Jioni moja paa likaanza kulia.

"Huko juu ni theluji?" jike akauliza.

"Mvua, mwanangu."

Jike akageukia ukutani. Siku hizo alikuwa wa kubebeka kwa mkono mmoja. Kulsum akamwongezea makapi, akajinyoosha kando yake, maana nyumba nzima ni hapo tu palipokuwa na ubaridi, akalala.