Ndoo ya Usipa

Jumapili ya pili ya Julai mume wangu Baltazar alinifungia ndani kwa kufuli, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Miaka ishirini na sita tumetoka pamoja kwenda misa, mimi natangulia, yeye anabana kufuli. Siku ile mkono wake ulifanya ulichozoea. Alisahau kwamba mimi nimebaki kitandani na plasta hadi gotini, baada ya kuteleza kwenye ngolo, haya mashimo ambayo sisi Wamatengo tunachimba mteremko mzima wa shamba. Tena shimo lenyewe nililichimba kwa mikono yangu.

Mwezi huohuo mashine ya kumenyea kahawa ilikatika mpini, na nguruwe wetu alikufa. Mama Bonifasia, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alinijia kila Alhamisi na neno lake lilelile: "Shukuru, Vitalia. Ungeweza kuvunja kiuno." Namjibu, nashukuru. Moyoni natamani kumtupia mto.

Niliposikia kufuli likibanwa nilicheka tu. Misa ina mwisho wake. Kisha nikasikia tone la kwanza juu ya bati.

Nyuma ya nyumba, kwenye kichanja, tulikuwa tumeanika kahawa yetu yote ya mwaka, imebakiza siku mbili ikauke. Ile ndiyo ilikuwa ada ya binti yetu Edina, chuo cha uuguzi. Hatukuwa na kitu kingine cha kumpeleka. Na turubai la kuifunikia lilikuwa humu ndani pamoja nami, chini ya magunia ya mahindi, kwa sababu Baltazar anaogopa wezi.

Nilivuta lile turubai hadi mguu ukaniwaka moto. Halikutoka. Nikajiburuta hadi dirishani, nikashika nondo kama mahabusu, nikapiga kelele. Kijiji kizima kilikuwa kanisani. Mvua ya Julai kwetu ni manyunyu tu, lakini ile ilishuka kama ya Machi, na bati likameza sauti yangu.

"Mungu," nilisema, "hata kwa hili nishukuru?" Sikusema kwa upole.

Ndipo nikamwona wifi yangu Eunice akizunguka nyumba, ndoo kichwani. Eunice ameolewa na kaka yangu huko Lipingo, ziwani. Ni Mwanglikana, ndiyo maana hakuwa misani. Alikuwa anapeleka usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, kuuza Kitai, akaona apite kwanza kunijulia hali. Alikuwa amekuta kufuli, akadhani hatupo, akaja nyuma kujikinga chini ya paa.

Aliiona kahawa. Nilimwona akitazama kichanja, akitazama ndoo yake. Huko kwao mvua ikikuta dagaa kichanjani hakuna kuuliza ni wa nani, kila mwanamke anazoa. Akapindua ndoo. Usipa wote, chini, kwenye tope. Akaanza kukomba kahawa kwa mikono miwili na kuijaza mlemle.

Kahawa hunyonya harufu. Ukiiweka penye petroli inanuka petroli, penye samaki inanuka samaki, na waonjaji wa kahawa hawadanganyiki. "Acha!" nilipiga kelele. "Acha ndoo, wifi!" Nilimpungia mikono yote miwili nje ya nondo. Akaniona, akashtuka, kisha akaitikia kwa kichwa na kuongeza kasi. Alidhani namhimiza.

Safari kumi na tatu alikwenda jiko la nje na kurudi, nami nazihesabu. Hakubakiza hata punje. Kuku walikuwa wameshamaliza nusu ya usipa wake, na hakugeuka hata mara moja kuutazama.

Baltazar alirudi mbio, ameloa chapachapa, funguo mkononi. "Nisamehe, mama Edina, nisamehe." Nilimwambia anishike tu, twende jikoni.

Kahawa ilikuwa rundo juu ya mkeka. Eunice alisimama kando yake, meno yanagongana kwa baridi, kitenge kimemganda mwilini. Baltazar aliinama, akachota kiganja, akanusa.

"Mbona inanuka..."

"Mvua," nilimkatiza. "Inanuka mvua."

Alinitazama. Akaitazama ndoo. Akamtazama wifi yangu, kisha akairudisha ile kahawa mkekani taratibu.

"Kweli," alisema. "Ni mvua."

"Nilisali niiwahi," Eunice alisema, anacheka huku anatetemeka. "Mungu hakuniacha nichelewe, wifi."

Nilimkumbatia, nikalia kwa sauti. Alidhani nalia kwa furaha, na nusu yake ilikuwa kweli. Nilimshukuru Mungu palepale, bila kusukumwa na mtu, kwa ajili ya Eunice. Habari ya kahawa nilimwambia Mungu tutaizungumza baadaye, mimi na yeye peke yetu.