Sahani Isiyo na Refa

Jikoni mwa hospitali walimwita Bibi Sahani, na jina hilo hakuliokota njiani. Miaka kumi na tisa alikuwa ameosha vyombo pale bila kuvunja hata kikombe. Mfanyakazi mgeni, kabla hajaonyeshwa choo kilipo, alionyeshwa Bibi Sahani.

Sifa ya namna hiyo ni mzigo, usione watu wanacheka nayo. Ndiyo maana wiki mbili nyuma, bakuli kubwa la kioo lilipomponyoka stoo akiwa peke yake, alifagia vipande, akavifunga kwenye gazeti, akavitupa pipani na kunyamaza. Vilipoonekana, lawama ikamwangukia Mama Pacha, aliyekuwa zamu siku hiyo. Maskini, wala hakubisha. Alisema huenda alilipanga vibaya likateleza, na aliyefagia akavitupa tu. Wakamtoa kwenye masinki wakampeleka chumba cha nyuma kumenya vitunguu, na tangu hapo Bibi Sahani hakula akashiba. Kila alipopita kwenye mlango wa chumba kile alisikia kisu kikigonga ubao, akaharakisha mwendo.

Sasa, yule mwalimu wa mazoezi anayewafundisha wagonjwa kutembea upya akaleta sahani ya plastiki ya kurushiana mchezoni, akawaalika watu wa jikoni na wa dobi kwenye uwanja nyuma ya jengo la kufulia, kila wakimaliza kazi. Bibi Sahani alikwenda kwa sababu moja tu: alitaka kumwona mtu mzima na akili zake akirusha sahani makusudi.

Aliiona, na macho yakamtoka. Ilielea, ikapinda kushoto kama iliyokumbuka kitu, ikatua mkononi mwa mpishi wa uji. Akataka kujua inapaaje wakati haina mbawa. Mwalimu akamwambia siri ni kiganja, kikizungusha sahani vizuri, hewa inaibeba. Akauliza tena kwa nini basi zile za jikoni haziruki. Mwalimu akakiri kwamba hajawahi kuzijaribu, na Bibi Sahani akamwonya asithubutu.

Kudaka hakukumpa shida. Mikono iliyozoea kuwahi vyombo vinavyoteleza haikukosa kitu. Kasheshe ilikuwa baada ya kudaka. Sheria inasema aliyeshika sahani hatembei nayo, na anayemkaba anahesabu kwa sauti hadi kumi. Ikifika kumi hajarusha, ananyang'anywa. Bibi Sahani alidaka, akasimama, kisha akaanza kuifuta kwa upindo wa aproni, mbele na nyuma. Hesabu ikaisha bado anafuta. Watu walicheka hadi wakakaa chini, naye akacheka pia, kwa mara ya kwanza katika siku kumi na nne.

Kilichomkosesha usingizi ni jambo jingine. Alimtafuta refa uwanja mzima asimwone. Mwalimu akamweleza kuwa mchezo huu hauna refa, mwenye kosa hulisema mwenyewe.

"Na asiposema?"

"Basi anajua yeye."

Jibu hilo alikwenda nalo nyumbani. Akiwasha jiko analo, akikunja nguo analo. Yalikuwepo na mengine aliyotaka kuuliza: huyo anayesema, wenzake humfanya nini? Hufukuzwa? Huzomewa?

Wiki ya pili wakagawana timu. Mama Pacha akapangwa upande wa pili, na kazi yake ikawa kumkaba Bibi Sahani. Mabao yalikuwa sawa, na atakayedaka nyuma ya mstari wa mwisho ndiye mshindi. Mpishi wa uji akairusha mbali. Bibi Sahani akakimbia kuliko umri wake unavyoruhusu, akajitupa, akainuka na sahani mkononi. Wenzake wakapiga makofi. Lakini vidole vyake vilijua: sahani ilitangulia kugusa nyasi, na hapo si kudaka tena.

Kila mtu akamgeukia Mama Pacha, aliyekuwa karibu zaidi. Naye akafuta jasho akasema, "Mimi sikuona vizuri. Ila huyu akisema amedaka, amedaka."

Bibi Sahani alihisi uso unamwaka. Ni imani ileile ya watu kwake iliyompeleka mwenzake kwenye vitunguu.

"Imegusa chini," alisema.

Akangoja laana za dunia zimshukie. Hakuna kilichotokea. Wa upande wake walisema aah, kisha wakarudi kwenye nafasi zao. Mwalimu akaonyesha tu kwamba sahani ni ya wapinzani, mchezo uendelee. Kumbe ndiyo hivyo tu? Alishangaa kweli, kama mtu aliyebeba gunia maili nzima na kuambiwa angeweza kulitua mlangoni.

Mama Pacha akaichukua sahani. Sasa ilikuwa zamu ya Bibi Sahani kumkaba na kumhesabia. Akasimama mbele yake, mikono ameitanua, na hesabu ikagoma kutoka.

"Mama Pacha. Lile bakuli nililivunja mimi."

Wengine walikuwa mbali, hawakusikia. Mama Pacha alimtazama, macho mekundu, na safari hii hayakuwa ya vitunguu.

"Wiki tatu, dada," alisema. "Nimelala nikijilaumu wiki tatu."

"Najua. Nisamehe."

"Utayasema haya kesho jikoni, mbele ya watu wote?"

Bibi Sahani akaiona ile miaka kumi na tisa, akawaona na wageni wote watakaoonyeshwa mtu mwingine. Iliuma, asikudanganye mtu.

"Nitasema."

"Basi hesabu," alisema Mama Pacha. "Watu wanatungoja."

Bibi Sahani akaanza kuhesabu. Alipofika sita, Mama Pacha akaifuta sahani kwenye sketi yake, mbele na nyuma, kisha akairusha.